Siku kumi kisha hukumu: urefu wa kifungo cha ubakaji unabishiwa namna gani?

Mu miji yetu ya migodi, Likasi, Kolwezi, Fungurume, hata hapa Lubumbashi, kesi ya ubakaji ikifika mwisho, watu wanatoka ku tribinali makundi mawili. Kundi la kwanza ni jamaa ya mufungwa: «Miaka 15! Batamuzeesha mule ndani.» Kundi la pili ni jamaa ya mutoto ao ya mama aliyetendewa mabaya: «Miaka 7 tu? Atatoka angali kijana, na mutoto wetu ataendelea kubeba ile kitu maisha yake yote.» Kila kundi linarudi kwake na hasira yake. Wamoja wanaanza kutafuta mukubwa fulani wa kupigia simu. Wengine wanamuachia Mungu. Na wakati ule ule siku zinapita.

Siku zenyewe zinahesabiwa: ni kumi. Kisha siku kumi, mulango wa rufaa, ile watu wanaita apele, unafungwa, na miaka ile juji alitamka inabaki vile. Wengi kati yetu hawajue ile hesabu. Njo maana naandika.

Miye ni mutu wa sendika, haina avoka. Lakini hizi dosye zinafika ku meza yetu, juu mushitakiwa ni mufanyakazi mwenye kulipa kotizasyo, na mara mingi ule aliyeumizwa ni binti ao bibi wa mufanyakazi mwengine, mwenye kulipa kotizasyo ile ile. Wote wawili wanauliza: sendika itasimama wapi? Jibu langu ni hili: rufaa ni haki, na haki inatetewa kwa sheria na kwa dosye, haitetewe na mbuzi wala na bahasha. Basi tuone sheria yenyewe.

Miaka inatoka wapi

Watu wanafikiri juji anachagua miaka kama mutu anayechagua nyanya ku soko. Hapana. Sheria ya tarehe 20 ya mwezi wa saba 2006, namba 06/018, iliweka mipaka: ubakaji unaazibiwa kifungo cha miaka 5 mpaka 20, pamoja na faini. Kama ubakaji uliua mutu, ni kifungo cha maisha. Sheria ile ilitoka mu machungu ya vita, wakati wanawake wa Kivu, wa Ituri na wa Katanga ya kaskazini walikuwa wanaumizwa na watu wenye silaha. Katiba yetu ya 2006 nayo inasema mu kipengele cha 15 kama viongozi wa inchi wana lazima ya kumaliza ubaya huo. Sheria ya 2006 ilifungua macho vilevile kwa jambo moja watu walikuwa wanaficha: hata mwanaume anaweza kubakwa, na sheria inamulinda.

Kisha ikakuja sheria ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009 juu ya kulinda mutoto. Mutoto ni kila mutu mwenye hajatimiza miaka 18. Kubaka mutoto ni miaka 7 mpaka 20. Na kwa mutoto, neno «alikubali» halina nguvu. Sheria inahesabia kama ni kwa nguvu hata kama hakulia, hata kama alikuwa anapokea zawadi, hata kama watu wa avenue wote walijua kama «ni mapenzi».

Tena kuna hali zenye kuongeza uzito. Kama mwenye kosa alikuwa na mamlaka juu ya ule aliyeumizwa, kama ni muzazi, kama ni muganga na mugonjwa wake, kama ni mulinzi na mufungwa wake, kama walikuwa wengi, kama silaha ilitumika, kama aliyeumizwa ni mulemavu, basi ile miaka 5 ya chini inazidishwa mara mbili, inakuwa 10. Wafanyakazi wa migodi, musikilize vizuri hapa. Kapita anayesema kwa mama wa kutwanga mawe «bila miye haupate kazi» ni mutu mwenye mamlaka. Siku atasimama mbele ya majuji, ile kofia yake ya ukubwa haitamupunguzia kitu. Itamuongezea.

Nani anaweza kuomba rufaa

Kesi ya ubakaji inasikilizwa kwanza ku Tribinali kubwa, ile tunaita TGI. Ku TGI, dosye inapanda ku Mahakama ya rufaa. Kipengele cha 21 cha Katiba kinasema kila hukumu iandikwe na ionyeshe sababu zake, na kama haki ya kuipinga inahakikishwa kwa wote. Neno «wote» linataka kusema wote, hata ule muji mutupu unamuchukia.

Lakini kila mutu ana sehemu yake. Mufungwa anaweza kubisha kosa lenyewe («miye sikufanya»), ao kubisha urefu peke yake («nimekubali kosa, lakini miaka imezidi»). Ana siku kumi tangu hukumu kutamkwa mbele yake. Kama alihukumiwa bila kuwa pale, siku zinahesabiwa tangu alipoletewa ile hukumu. Inatosha kwenda ku ofisi ya grefe ya tribinali na kutangaza rufaa. Mafasirio ya avoka yatafuata. Jamaa, musingojee mupate kwanza franga yote ya avoka: tangazeni, kisha mutafute. Tena baro ya ma-avoka iko na biro yenye kusaidia bure wale hawana uwezo.

Parke nayo ina siku zake kumi. Tena parke ya Mahakama ya rufaa ina muda murefu kuliko wote: miezi mitatu tangu hukumu. Hapa njo jamaa za walioumizwa wanapoteza bila kujua. Aliyeumizwa, hata kama alijiunga na kesi kwa kudai malipo, anaweza kuomba rufaa juu ya malipo yake tu. Miaka ya kifungo haiko mu mikono yake, iko mu mikono ya parke. Kwa hiyo mama ambaye anaona miaka ni kidogo sana asikae nyumbani kulia. Aende ku parke na avoka wake ao na shirika lenye kumusindikiza, aeleze, aandike barua, aombe parke ifanye rufaa. Ile miezi mitatu ni ya kutumika.

Kuna jambo lingine ambalo wafungwa wanaogopa: «Nikiomba rufaa, wataniongezea.» Kama ni mufungwa peke yake ameomba, Mahakama ya rufaa haiwezi kumukatia miaka kupita ile ya kwanza. Lakini kama parke nayo imeomba, mizani iko wazi pande zote mbili: miaka inaweza kushuka, inaweza kupanda. Avoka wa kweli anamwambia mutu wake ile mambo tangu siku ya kwanza. Avoka anayeahidi «nitakutoa» bila kufungua dosye, mumuogope.

Mambo yenye kupunguza, na mambo yasiyo kitu

Sasa mutu anafika mbele ya Mahakama ya rufaa. Ataongea nini juu ya urefu?

Jambo la kwanza ni umri. Mu inchi yetu watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Tribinali inasoma karte ya ubatizo, buletini ya shule, ao inatuma kwa muganga. Kama dosye haionyeshe vizuri kama binti alikuwa na miaka 17 ao 19, mushitakiwa ana haki ya kuomba uchunguzi, juu kati ya 17 na 19 kuna sheria mbili tofauti. Ni swali la haki. Lakini kutengeneza buletini ya uongo ku kibanda cha fotokopi, ile ni kosa lingine juu ya kosa.

Jambo la pili ni zile hali zenye kuongeza. Kama juji alianza kuhesabu ku miaka 10 juu eti mushitakiwa alikuwa mukubwa wa kazi, na makaratasi ya kompanyi yanaonyesha hakuwa na mamlaka yoyote juu ya ule mama, basi hesabu ilianza pabaya. Avoka aonyeshe kontra, aonyeshe mupango wa timu. Hapa sendika inaweza kusaidia bila haya, juu makaratasi ya kazi njo fasi yetu.

Jambo la tatu ni sababu za kupunguza azabu. Sheria yetu inaruhusu juji kupunguza kifungo kama kuna sababu, lakini inamulazimisha kuzitaja moja moja mu hukumu. Mara mingi wanaandika: ni kosa lake la kwanza, angali kijana, ana jamaa ya kulisha. Kama mufungwa alikuwa na sababu hizo na juji hakuziangalia, ni jambo la rufaa. Na parke, kwa upande wake, inaweza kusema sababu hizo ni nyepesi. Miye naona ile ya «ana jamaa ya kulisha» iko na makali pande mbili. Mutu mwenye binti nyumbani alipaswa kujua zaidi kuliko mwengine binti wa jirani ni nani.

Jambo la nne ni siku za buloko mbele ya hukumu. Miezi mutu aliyokaa Kasapa ao Dilala akingoja kesi inapaswa kutolewa ku kifungo chake, yote. Ile ni hesabu ya kalamu na karatasi, na jamaa inapaswa kuchunga tarehe.

Sasa yale yasiyo kitu. «Tumekwisha kupatana»: sheria ya pili ya siku ile ile ya 2006, namba 06/019, inasema kesi ya ubakaji haimalizike kwa faini ya kulipa pembeni ku polisi ao ku parke. «Atamuoa»: ndoa haifute kosa, na kumulazimisha binti kuolewa ni kosa lingine lenye azabu yake. «Jamaa imeondoa malalamiko»: parke inaendelea hata bila wao. «Alikuwa anavaa vile, alikuwa na tabia ile»: ile sheria namba 06/019 inakataza kutumia mwenendo wa zamani wa aliyeumizwa kwa kumuhukumu yeye. Tunajua bado kuna wazee wa avenue wanaokaa chini ya muembe na kupima mbuzi ngapi. Wanapima hewa. Ule mutoto anabaki na jeraha, baba yake anabaki na mbuzi, na mushitakiwa anabaki na dosye.

Kesi kubwa zinatufundisha nini

Watu wanasema rufaa ni ya matajiri. Tuangalie kesi za wakubwa zenye kujulikana, tuone rufaa iliwapa nini.

Bosco Ntaganda alihukumiwa mu La Haye, ku Mahakama ya kimataifa ya makosa ya jinai, juu ya mambo ya Ituri ya 2002 na 2003. Tarehe 7 ya mwezi wa 11, 2019 walimupa miaka 30. Kila kosa lilipimwa peke yake: kwa ubakaji wa raia, miaka 28, kwa ubakaji wa watoto askari wa kundi lake mwenyewe, miaka 17. Aliomba rufaa mara mbili, juu ya kosa na juu ya urefu. Tarehe 30 ya mwezi wa tatu 2021 majuji wa rufaa walikataa zote mbili. Lakini siku zake za kifungo tangu mwezi wa tatu 2013 zilihesabiwa. Ile njo sheria: haki yake ilisikilizwa, na miaka ilibaki 30.

Jean-Pierre Bemba naye, tarehe 21 ya mwezi wa sita 2016, alipewa miaka 18 juu ya mauaji, ubakaji na unyanganyi uliofanywa na askari wake mu Afrika ya Kati. Hapo pande zote mbili ziliomba rufaa juu ya urefu: yeye alisema ni mingi, mwendesha mashitaka alisema ni kidogo, alikuwa ametaka 25. Tarehe 8 ya mwezi wa sita 2018, majuji watatu juu ya watano walifuta kosa lenyewe. Bishano la miaka likakufa palepale. Hapa watu wengi walishangilia. Kule Bangui walioumizwa walibaki na machozi yao. Somo ni moja: kosa njo shina, miaka ni tawi. Shina likikatwa, tawi haliwezi kubaki hewani. Kwa hiyo parke yenye kutaka miaka mingi ianze na ushuhuda wenye nguvu.

Hapa kwetu, mu kijiji cha Kavumu, Kivu ya Kusini, watoto wadogo sana walikuwa wananyakuliwa usiku na kubakwa. Tarehe 13 ya mwezi wa 12, 2017 mahakama ya kijeshi ilimukatia Frederic Batumike, aliyekuwa deputee wa provensi, kifungo cha maisha pamoja na watu wake kumi. Waliomba rufaa. Mu mwezi wa saba 2018 Mahakama kuu ya kijeshi ilisikiliza, ikashikilia kifungo kile kile. Jamaa za Kavumu hazikupoteza kitu kwa sababu ya rufaa. Hukumu iliyopita mu moto mara mbili ina nguvu kuliko hukumu ya mara moja.

Angalieni sasa kinyume chake: Minova. Kisha mabaya ya mwezi wa 11, 2012, askari 39 walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya operasyo mu Goma. Hukumu ilitoka tarehe 5 ya mwezi wa tano 2014, na wawili tu walipatikana na kosa la ubakaji. Mahakama ya namna ile haina rufaa. Askari waliohukumiwa hawakuwa na pa kwenda. Na wanawake walioona wengi wanatoka bila kosa la ubakaji, nao hakukuwa na juji wa juu wa kuangalia tena. Pasipo na rufaa, pande zote mbili zinapoteza. Wale wanaosema «mubakaji hastahili rufaa» wakumbuke Minova.

Sendika itasimama wapi

Narudi ku swali la wafanyakazi. Mwenzetu akihukumiwa, mara moja watu wanapitisha kofia, kila mutu anatoa kidogo. Sikatae. Mutu kusaidiwa na wenzake ni mila ya kambi tangu wakati wa baba zetu. Lakini kofia moja, kazi moja: franga ya avoka, franga ya kopi ya hukumu, chakula cha mufungwa, juu kila mutu anajua buloko zetu zinalisha namna gani. Franga ya kwenda «kutuliza» jamaa ya binti, ile hapana. Delege anayebeba bahasha kwa jamaa ya aliyeumizwa hatetee tena mufanyakazi, anauza mutoto wa mufanyakazi mwengine. Tena anamuumiza hata yule anayefikiri kumusaidia: ile bahasha ikijulikana mbele ya Mahakama ya rufaa, nani atamuamini mutu aliyesema anategemea sheria?

Kwa upande mwengine, binti wa mwenzetu akiumizwa, sendika isijifiche nyuma ya «ni mambo ya jamaa». Imusindikize kwa muganga upesi, imusindikize ku parke, imukumbushe kama ana haki ya avoka tangu mwanzo mpaka mwisho, na kama anaweza kuomba kesi isikilizwe milango ikifungwa, bila masikio ya muji mutupu. Sheria ya 2006 inapanga vilevile kama upelelezi usipite mwezi mumoja na hukumu itoke mu miezi mitatu. Tunajua dosye zinalala kuliko ile. Kuuliza kila wiki dosye iko wapi ni kazi ambayo delege anaweza kufanya, juu tumezoea kuuliza mishahara iliyochelewa.

Na tusidanganyane juu ya miaka yenyewe. Kifungo kirefu peke yake hakilinde mwanamuke. Mwisho wa mwezi wa tisa 2020, wakati wa fujo mu buloko ya Kasapa, wanawake wafungwa walibakwa mule mule ndani, mu nyumba ya serikali. Inchi yenye kukatia mutu miaka 20 na kushindwa kulinda wanawake nyuma ya ukuta wake mwenyewe ina deni lingine. Njo maana miye sipigie makofi kila tarakimu kubwa. Natafuta miaka yenye kusimama juu ya sababu: umri ulioonekana, ushuhuda uliopimwa, hali zilizotajwa, siku zilizohesabiwa. Miaka 12 yenye sababu zilizoandikwa inashinda miaka 20 ya hasira, juu ile ya hasira njo inaangushwa ku rufaa, na mutoto aliyeumizwa anarudishwa tena kueleza mambo aliyokuwa ameanza kusahau.

Kwa hiyo, siku ya hukumu, upande wowote ule mulioko: muandike tarehe. Muombe kopi ya hukumu ku grefe. Musome sababu, ao mutafute mutu wa kuwasomea. Kama munaona miaka haiko sawa, mufungwa aende ku grefe mbele ya siku ya kumi, na jamaa ya aliyeumizwa iende ku parke asubuhi ya kesho yake. Mbuzi wabaki ku zizi.